Kreni Ikisimama

Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye kiti cha pembeni sijawahi kuona ajali iliyosababishwa na heshima. Barabarani watu wanagongana kwa haraka, kwa ulevi, kwa simu, kwa ujinga tu. Ajali ya heshima niliikuta nyumbani kwangu, mezani, kati ya mume wangu na mama yangu mzazi, na nusura imfukuzishe mtu kazi.

Nianze na mume wangu. Ni mwendesha kreni, zile za mnara zinazosimama katikati ya jengo linalojengwa na kulipita kimo. Ni mrefu, mwembamba, mpole, na wenzake saiti wanamwita Mlingoti. Asubuhi anapanda ngazi za chuma mpaka kwenye kibanda kilicho juu kabisa, anakaa, na kutoka pale anainua nondo, zege, matofali, kila kitu kinachowashinda mafundi kubeba. Huko juu haoni vizuri yanayofanyika chini, kwa hiyo kuna mwenzake anaitwa mpiga ishara, anayesimama chini na kumwelekeza kwa mikono: inua, teremsha, polepole, simama. Kazi hiyo anaipenda kuliko... aa, sitaki kusema kuliko nini, na mimi nina moyo. Ukimuuliza huko juu kuna raha gani, anakujibu neno moja: "Kimya."

Shida ni kwamba huko juu hakuna choo.

Na tumbo la mume wangu ni tumbo la visa. Linafunga, unadhani limesahau kazi yake, kisha siku moja linafunguka kwa fujo. Linajaa gesi mpaka mkanda unamkaba. Linamkata, anakwenda msalani, anapata nafuu, anarudi kukaa, linamkata tena. Kwetu ulikuwa utani wa siku nyingi kwamba nyumba nzima ni ya madereva: mimi naendesha gari, yeye anaendesha kreni, na tumbo nalo linaendesha. Tulikuwa tunacheka sana. Kipindi hiki ninachokisimulia utani ule ulikuwa umeshakufa, maana mume wangu alikuwa ameanza kushuka kwenye kreni katikati ya kazi.

Kreni ikisimama, saiti yote inasimama. Zege linagandia kwenye ndoo, mafundi wanakaa juu ya matofali kupiga soga, na yule aliyeko juu anashuka ngazi moja moja huku amekaza kila kitu cha kukaza. Fomeni wao alimvumilia, kisha akamwita pembeni. Ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na hakumtukana.

"Mlingoti, nakupenda kama ndugu," alimwambia. "Lakini mwisho wa mwezi tunapandisha vyuma vya paa. Siku hiyo kila chuma kitakuwa na watu wanakingoja juu ya kuta. Ukiniachia watu hewani ukaenda chooni, kile kiti nampa mwingine, na wewe utashuka stoo ukagawe misumari."

Alikuja kunieleza akiwa na uso wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Mimi nilimjibu mambo ya kawaida, kwamba stoo nayo ni kazi, mshahara ni mshahara. Hakunisikia. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeambiwa atakatwa miguu, na hapo ndipo na mimi nilipoogopa.

Sasa mama yangu. Mama aliletwa kwetu na goti. Alifanyiwa upasuaji, kujihudumia peke yake kukamshinda, tukamchukua akae nasi mpaka apone. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni, kwa hiyo akapewa chumba chao. Ni mpishi mstaafu, na si mpishi wa hotelini, hapana: alipika shule ya bweni maisha yake yote, kwenye masufuria ya kuinuliwa na watu wawili, kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Hajui kupika kidogo. Ukimwambia pima kikombe cha mchele anakutazama kama umemwambia apime moshi. Na kwake yeye sahani iliyotakata ndiyo asante. Sahani iliyorudi na chakula ni tusi, na tusi hilo atalisahau akizikwa.

Jikoni kwetu kuna dirisha, na chini ya dirisha kuna kigoda. Mama alikifanya kituo chake. Mchana kutwa alikaa pale na goti lake amelinyoosha, anamenya viazi, anachambua mchele, anatazama nje.

Tulipompa kile chumba hatukuwaza jambo moja. Ukuta wake ndio ukuta wa choo. Na kuta za nyumba yetu ni za karatasi, ukipiga chafya jirani anakuitikia. Basi mume wangu, mkwe mtu, mwenye haya zake, akaamua kwamba mama mkwe akiwa chumbani, yeye choo hakijui. Anangoja mama aende kuoga. Anangoja mama ashikwe na usingizi. Nikimwambia nenda bwana, ananinong'oneza, "Atasikia." Jamani, mwanamke aliyelea bweni zima, asikie nini kipya?

Na chakula cha mama alikila chote, haraka kama anafukuzwa. Kwao walizaliwa wengi na sinia lilikuwa moja. Aliyekula kwa adabu alilala na njaa. Mpaka leo anakula kana kwamba kaka zake wamemzunguka. Mimi sijamaliza kupuliza kijiko cha kwanza, yeye sahani inang'aa. Mama akiona vile, roho inamtuna kwa furaha.

"Mkwe wangu, hebu lete nikuongezee."

"Haya, mama."

Angesema hapana? Thubutu! Anaongezewa mlima wa pili, wali na maharage, kabichi la kukaangwa na vitunguu, nyama ya mafuta. Halafu glasi ya maziwa ya kulalia, na maziwa nayo anayamaliza.

Kesho yake asubuhi anatoka bila kula kitu, kwa hofu ya kushuka. Hata maji hanywi. Anapiga kikombe cha kahawa nzito pale getini kwenye saiti, akiwa amesimama, halafu anapanda juu na pakiti ya chingamu zisizo na sukari na kutafuna mpaka jioni. Wenzake wote walikuwa madaktari. Mmoja alimwambia acha maziwa. Mwingine acha pilipili. Mwingine acha mayai, ngano, matunda, chumvi. Mume wangu alizikubali zote. Tatizo ni kwamba mbele ya mama hakuweza kuacha hata punje. Kwa hiyo alikuwa anaacha kila kitu mchana, ambapo hakuwa akila kitu chochote, na jioni anakula kila kitu. Mimi niko pale naangalia, kama vile naangalia mwanafunzi anakanyaga breki na mafuta kwa pamoja.

Siku ya mapumziko nilimkamata mkono nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamama mwenye mafua, asiye na maneno mengi. Alimpima damu, akampima choo, akamtuma akapigwe picha. Tuliporudi na majibu alisema hakuna kidonda, hakuna minyoo, hakuna uvimbe, hakuna baya lolote.

Mume wangu karibu akate tamaa. "Kwa hiyo naumwa uongo?"

"Maumivu ni ya kweli kabisa," daktari alimjibu. "Utumbo wako ni mzima, lakini ni mwepesi wa kushtuka. Kitu ambacho kwa mwingine kinapita kimya, kwako kinapigiwa kelele. Wako watu wengi kama wewe, ila si habari ya kusimulia kwenye harusi."

Nilitegemea amuulize anakula nini. Akamuuliza anakulaje. Saa ngapi? Amekaa au amesimama? Kwa dakika ngapi? Mume wangu akawa anatafuta maneno, nikamjibia mimi, nikamwaga yote: kahawa ya getini, chingamu, mlima wa jioni na mlima wa pili. Daktari alipenga kamasi, akatikisa kichwa.

"Unalifungisha tumbo kutwa nzima, jioni unalivamia," alisema. "Kula asubuhi, kidogo. Kula mchana, kidogo. Jioni usishindane na mtu. Kaa chini, tafuna, weka kijiko mezani kabla ya kuchota kingine. Kunywa maji. Kahawa punguza, mafuta punguza, na hizo chingamu acha, zinaingiza hewa na ule utamu wake unasumbua tumbo. Maharage, vitunguu, kabichi na maziwa viweke kando kwa muda, halafu utavirudisha kimoja kimoja tujue mkorofi ni yupi. Usivifukuze vyote milele, utabaki mifupa. Na hofu. Ukikaa unaogopa choo, tumbo linakusikia. Haitakuwa dawa ya siku moja." Kisha akauliza, "Nyumbani anayepika nani?"

Mume wangu alitazama dari.

"Mama yangu," nikasema.

"Basi mwambieni."

Hatujafika hata kwenye gari, mume wangu akasimama. "Mwambieni! Umemsikia? Nikamwambie mama mkwe kwamba chakula chake kinanikimbiza msalani? Bora misumari."

"Nitamwambia mimi."

"Ukimwambia, macho yangu nitayaweka wapi? Niahidi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, baba watoto."

"Siyo kifo," akasema. "Ni choo tu."

Nikaahidi. Nilikasirika, lakini niliahidi, na hapo tukaanza ujinga mwingine.

Ujinga wenyewe ulikuwa kopo. Nilikaa mezani na kopo mapajani, chini ya kitambaa cha meza. Mama akiinuka kufuata maji, mimi huyo, nachota kutoka sahani ya mume wangu na kumimina koponi. Akirudi anakuta sahani nyeupe. Baada ya chakula nasema natoa takataka, nashuka chini, na mbwa wa mlinzi wa jengo letu ananipokea kama mgeni wa heshima. Mtu mzima mimi, mwalimu wa watu, naiba wali wa mama yangu kumpa mbwa!

Na haikusaidia kitu. Asubuhi bado alitoka na njaa, maana angeomba chochote, mama angeamka kumpikia sufuria. Jioni alikula kwa kuviziana, jicho moja kwangu, jicho moja mlangoni, kijiko kinakwenda mbio kuliko zamani. Tumbo likachachamaa. Akashuka kwenye kreni, akashuka tena. Na jambo lililonishangaza ni kwamba kila siku aliyoshuka, jioni ile mama aliongeza chakula. Nilijua ni bahati yetu mbaya tu. Nilimwambia Mungu, hata wewe unamsaidia huyu bibi?

Aliyetuumbua ni mbwa. Jioni moja alichoka kungoja, akanifuata ngazi zote mpaka mlangoni, akakaa, ulimi nje. Mama alifungua na fimbo yake mkononi. Akamtazama mbwa. Akanitazama mimi, nimekumbatia kopo.

"Mbwa wa mlinzi kanenepa," alisema.

"Eeh, mama. Kanenepa."

"Na ananuka vitunguu vyangu."

Mama alinusa tena, taratibu. "Nimelisha watoto wa watu maisha yangu yote, mwanangu. Namjua mtoto anayekula, namjua na anayemwaga. Sikujua tu kwamba nimezaa anayemwaga."

Angegomba ningeshukuru. Hakugomba. Siku iliyofuata asubuhi hakugusa jiko. Nilirudi nyumbani mchana kati ya somo na somo, nikamkuta kwenye kigoda chake pale dirishani, mkoba umefungwa na kamba uko miguuni.

"Goti limepona," alisema bila kugeuka. "Nitarudi kwangu."

Goti lenyewe lilikuwa halijaweza hata ngazi moja ya chini. Mimi nilikuwa na funguo za gari mkononi, na chini mwanafunzi wangu, aliyekuwa ananingoja garini, alishaanza kupiga honi. Ndipo uvumilivu uliponiishia.

"Mama, nimechoka!" nikasema. "Nimechoka na wewe, nimechoka na mkweo. Chakula chako hakina ubaya. Mimi ndiye niliyekimwaga, yeye alikuwa anakimaliza mpaka kinamuua. Tumbo lake linaumwa. Linaumwa siku nyingi. Daktari kasema ale kidogo kidogo, mara nyingi, taratibu, na yeye haogopi kifo, anakuogopa wewe! Anaona haya kukwambia, anaona haya hata kwenda chooni ukiwa upande wa pili wa ukuta. Kule kazini anashuka kwenye kreni katikati ya kazi, na mwisho wa mwezi akishuka tena wanamnyang'anya kiti. Basi. Sasa nenda ukitaka kwenda."

Honi ikalia tena chini. Mama alinyoosha fimbo yake akaielekeza dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu niliangalia alichokuwa anaangalia yeye. Mbali kidogo, juu ya mapaa, kreni ya mume wangu ilikuwa imesimama kimya, mkono wake umenyooka, kamba inaning'inia bila mzigo.

"Imesimama sasa hivi tu," alisema mama. "Jana haikusimama. Juzi ilisimama."

"Unaiangalia?"

"Nina kazi gani nyingine? Macho hayana pazia. Inazunguka, inazunguka, na mimi namenya viazi vyangu, halafu naona imesimama, na saa ya watu kula haijafika. Nikajua nini? Nikajua mtoto wa watu kaishiwa nguvu. Anatoka asubuhi hajatia hata chai mdomoni, mbona asizimie huko juu? Nikasema, mbele ya mama mkwe atasemaje kwamba ana njaa? Ataona haya. Basi jioni nitamwongezea mwenyewe, bila kumuuliza."

Nilikaa kwenye sakafu. Nilitaka kucheka, nikalia. Kwamba kila alipougua alilishwa zaidi, na kila alipolishwa zaidi aliugua, na wote wawili walikuwa wanafanyiana wema! Mama naye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kwa nini hakusema?" aliuliza.

"Anakuheshimu. Na wewe kwa nini hukumuuliza?"

"Namheshimu." Akaitazama kreni tena. "Heshima gani hii ya kuuana?"

Mwanafunzi wangu aliondoka siku ile bila somo. Mama alinitaka nirudie maneno ya daktari moja baada ya jingine, kijiko mezani, maji, maharage kando, na kila neno aliliitikia kwa kichwa. Aliniambia shuleni chakula kilikwenda kwa kengele, na siku kengele ilipochelewa bweni lilijaa watoto wenye kushika matumbo. Kumbe mtu mzima naye anataka kengele. Kisha akaomba nifungue ile kamba ya mkoba, maana aliikaza kwa hasira na sasa vidole havimtii.

Jioni mume wangu aliporudi hakujua kitu. Alinawa, akakaa, akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia. Mama alileta sufuria ndogo. Sikujua kama tuna sufuria ndogo vile. Wali, kuku wa kuchemsha, karoti. Hakutaja tumbo, hakutaja mbwa, hakutaja daktari. Alishika upawa, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Mkwe, hivi yule mwenzako wa chini anakuelekeza vipi? Akitaka usimame anafanyaje?"

Mume wangu alishangaa, lakini ukimuuliza habari za kreni husahau mengine yote. Alinyoosha mkono, kiganja chini, akaupeleka huku na huku. "Hivi, mama."

"Na polepole?"

"Mkono mmoja unaonyesha kazi, wa pili unautuliza mbele yake. Hivi."

"Na wa kukuelekeza ni yeye peke yake?"

"Peke yake. Nikisikiliza wawili nitaua mtu. Isipokuwa ishara ya simama. Hiyo anaitoa yeyote, hata mpita njia, hata mtoto. Nikiiona nasimama hapo hapo. Siulizi kwa nini, wala sikasiriki. Ndiyo sheria."

"Sheria nzuri," alisema mama. "Basi leo mimi ndiye kreni. Wewe uko chini."

Akachota wali, akauinua juu ya sahani ya mkwewe, akaanza kuteremsha. Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama chumvi. Upawa wa kwanza ukashuka. Akachota wa pili, ukaja polepole, ukafika juu ya sahani, na pale niliona uso wa mume wangu unaelewa. Masikio yalimwiva. Mkono wake ulitoka mapajani, ukasita, ukashuka, ukatoka tena, mpaka ukanyooka, kiganja chini, huku na huku.

Upawa ulisimama hewani. Mama aliukazia macho ule wali. Katika maisha yake hakuwahi kurudisha upawa sufuriani. Akaurudisha.

"Sijauliza kwa nini," alisema. "Wala sijakasirika."

Mume wangu akaanza kula kwa kasi yake ile ya kuzaliwa, na mama akainua mikono miwili, mmoja umetulia mbele ya mwingine. Polepole. Mume wangu akaweka kijiko mezani. Akatafuna. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona akionja chakula.

Tulipomaliza, mama, ambaye redio inamuumiza kichwa, aliiwasha kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu. "Nataka habari," alisema. "Nisisumbuliwe." Mume wangu akainuka, akapita mbele yake akielekea msalani, na mama hakugeuza shingo.

Haikuwa muujiza. Mtu asije akanipigia simu kuniuliza dawa. Ziko siku alirudi ameshika ubavu, na ziko asubuhi alizokunywa kikombe cha uji kwa uso wa mtu anayekunywa sumu, kwa hofu tu. Maharage yaliporudi aliyastahimili, mradi yawe machache. Vitunguu vilipojaribiwa vilimpindua, vikafukuzwa. Maziwa bado wanavutana. Mama alimfungashia vikopo viwili vidogo, cha asubuhi na cha mchana, na alimpa amri kwamba akishika kopo aachie usukani, hata fomeni akipiga kelele. Mume wangu naye alikwenda kumweleza fomeni ukweli, tumbo na yote. Fomeni alimsikiliza, akatazama huku na huku, halafu kwa ile sauti yake nyembamba akamuuliza yule daktari anapatikana siku gani.

Lakini sharti lilibaki sharti. Siku ya vyuma vya paa ilipofika nilifuta masomo yangu ya asubuhi, nikavuta kiti dirishani kando ya kigoda cha mama. Sikuweza kukaa kwingine. Kutoka pale watu walionekana juu ya kuta kama njugu, wananyoosha mikono, na vyuma vinawajia kimoja baada ya kingine kutoka angani. Kreni ilizunguka, ikateremsha, ikarudi tupu, ikainua. Mama alimenya viazi. Mimi nilikuwa nakanyaga sakafu, kama vile kuna breki.

Halafu ikasimama.

Ilisimama kimya, mkono umenyooka, kamba inaning'inia. Akilini niliona ngazi, nilimwona anashuka amekaza meno, niliiona stoo na misumari yake na yeye amekaa katikati yake na urefu wake wote.

"Mama, imesimama. Mama!"

Mama alitupa jicho kwenye saa ya ukutani. "Wenzake pia wamekaa. Angalia kule juu ya kuta." Nikaangalia. Wale watu walikuwa wamekaa kweli, miguu inaning'inia, wengine wana vikombe. "Wewe kutwa uko barabarani, saa za saiti utazijulia wapi? Tulia. Anakula."

Nikatulia. Mama aliweka kisu na kiazi mapajani, akawa anaitazama ile kreni bila kupepesa, na nikaona mdomo wake mtupu unatafuna, polepole, unameza, unatafuna tena. Alitafuna hivyo mpaka mwisho. Kisha akajifuta midomo kwa kanga.

"Kamaliza," alisema.

Mkono wa kreni ukaanza kuzunguka.